Karisimbi ikiamka nyeupe: tuongelee baridi ya milima yetu, maana moto tunauongea kila siku

Mkaaji wa Majengo (mwanzisha uzi)

Bandugu, habari za asubuhi. Niko Majengo, hapa Goma, mashariki mwa Congo. Leo saa kumi na mbili na robo nilitoka nje na bidoni ya maji ya kunawa, nikageuza uso kaskazini mashariki, nikaiona Karisimbi nyeupe kuanzia kileleni hadi chini kidogo, kama mtu ameimwagia unga wa mihogo. Mtoto wa jirani akauliza ile ni nini. Kaka yake, kijana wa miaka kumi na sita, akamjibu kwamba ni moshi wa volkano. Nilisikitika. Kijana huyu amezaliwa na kukulia katika komini (sehemu ya mji) inayoitwa Karisimbi, na hajui kwamba mlima uliompa komini yake jina huangukiwa na theluji.

Jina lenyewe linasema. Kwa Kinyarwanda isimbi ni lile ganda jeupe la konokono wa baharini, ambalo hata Kiswahili kinaliita simbi. Waliolitoa jina hilo waliuona mlima kama nilivyouona leo. Karisimbi ina mita 4,507 juu ya usawa wa bahari, ndiyo ndefu kuliko volkano zote nane za Virunga. Kilele chake kiko mpakani, nusu yetu nusu ya Rwanda. Jirani yake Mikeno, iliyo yote ndani ya Congo, ina 4,437. Nyiragongo, inayojulikana dunia nzima kwa sababu ya moto, ni fupi kwao kwa karibu kilomita nzima: 3,470.

Sasa tupige hesabu. Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi. Ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii 6 na nusu hivi. Sababu yake ni kwamba jua linapasha ardhi kwanza, halafu ardhi ndiyo inapasha hewa. Hewa hiyo ikipanda inakuta shinikizo dogo, inatanuka, na kule kutanuka kunakula joto lake. Asiyeamini aende Birere, amuombe motari, dereva wa pikipiki, yeyote afungue tairi: upepo unaotoka mle unauma kidole kwa ubaridi, hata kama pikipiki ilikuwa juani tangu asubuhi. Kati yetu na kilele cha Karisimbi kuna mita 3,000, kwa hiyo digrii 19 au 20 zimepotea njiani. Na wastani wa joto la Goma ni hizo hizo 19 au 20. Kinachobaki ni sifuri. Huo ni wastani, mchana na usiku vikichanganywa. Usiku wenyewe unashuka chini ya hapo, na hayo yote yako digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta.

Februari 1908 mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa Karisimbi na wapagazi wake. Dhoruba ya theluji na mvua ya mawe ikawakuta juu kule. Wapagazi ishirini walikufa kwa baridi. Wanaume wenye nguvu, waliozoea kubeba mizigo mizito kwa siku nyingi mfululizo. Kila nikiitazama Karisimbi nyeupe nawakumbuka, kwa sababu mimi pia nimebeba mizigo mlimani.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja 2016, tukiwapandisha watalii Nyiragongo. Kampuni ndogo iliyotuajiri, ambayo sitaitaja, iliwapa wageni makoti mazito. Sisi wabebaji kila mmoja alipewa kipande cha shitingi, yaani turubai la plastiki. Tuliondoka Kibati saa nne asubuhi jua likiwaka, jasho linatiririka. Kijana mmoja wa Katoyi alikuwa na tishati ya pamba na jaketi la jinzi juu yake. Karibu na Shaheru, volkano ya zamani ubavuni mwa Nyiragongo, mvua ikatupiga, kisha mvua ya mawe, punje kama kunde. Pamba ikishalowa kule juu haikauki tena. Inabandika mwilini na kunyonya joto lako usiku kucha.

Tulipofika ukingoni alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Tukasema atazoea. Baadaye kutetemeka kukaacha, nami nikafurahi, nikidhani amepata nafuu. Halafu akaanza kufungua jaketi, akasema anasikia joto, akaniita kwa jina la mdogo wake. Mtalii mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyepiga kelele. Tukamvua kila kitu, tukampangusa, tukamwingiza ndani ya mfuko wa kulalia wa yule mama, mimi nikaingia naye nimkinge mgongo. Alipoweza kumeza tukampa chai ya moto yenye sukari nyingi, kijiko kwa kijiko. Na chini yetu, ndani ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, ziwa la lava lilikuwa linachemka, mwanga wake umepaka mawingu rangi nyekundu. Lakini lilikuwa mbali mno chini; joto lake halikutufikia. Nilisikia mgongo wa kijana yule baridi kama jiwe la kisimani.

Alipona. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kwa nini hakuna aliyetufundisha. Moto wa Nyiragongo tunaujua: 1977, 2002, 2021, kila nyumba ina habari yake. Baridi ya mlima ule ule hakuna anayeisimulia. Kama kuna mwenye la kuongeza ao swali, karibuni.

Mwana wa Himbi

Yaya, asanti. Habari ya huyu kijana wa Katoyi imenigusa sana. Swali langu: ile nyeupe ni theluji kweli ao ni mvua ya mawe tu? Na kama ni theluji, mbona haikai kama ya Ruwenzori?

Mkaaji wa Majengo

Zote mbili hutokea. Mara nyingi ni mvua ya mawe iliyolala chini bila kuyeyuka, na siku nyingine ni theluji yenyewe. Kwa mbali hutazitofautisha. Nyeupe ni nyeupe.

Kukaa ni jambo lingine. Barafu ya kudumu Afrika iko sehemu tatu tu: Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, mlima Kenya wenye 5,199, na Kilimanjaro yenye 5,895. Hata huko inapungua mwaka hadi mwaka. Karisimbi imepungukiwa na mita mia kadhaa kuwafikia hao. Theluji ikianguka usiku inakuta ardhi ya baridi, inatulia. Asubuhi jua la ikweta halijui kupiga kwa upande. Linapanda haraka na kupiga wima. Leo saa tatu weupe ulikuwa umekwisha, na wingu la mchana limeshafunga pazia.

Ndiyo maana majira ya kule juu hayafanani na ya Ulaya, ambako baridi ni ya miezi. Huku masika na kiangazi vinahusu mvua: kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kunakauka, kisha mvua inarudi. Joto la mwezi mmoja na la mwezi mwingine halipishani sana. Kinachopishana ni saa sita mchana na saa sita usiku. Mchana unaungua shingo, usiku maji yaliyobaki kwenye sufuria yanaganda. Mwili unapigwa na misimu miwili ndani ya siku moja.

Ukitaka ushahidi tazama mimea. Unaanza na msitu wa kawaida, ukifika mita 2,500 hivi unaingia mianzi, kisha juu ya 3,000 kuna miti ya hagenia iliyopinda na kuota ndevu za kuvu, na juu zaidi miti mikubwa inatoweka. Kunabaki lobelia na senesio, mimea ambayo bustanini ingekuwa ya kufika gotini lakini kule inakuwa mirefu kuliko mtu. Senesio niliishika kwa mkono. Majani yake yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamezunguka shina, tabaka juu ya tabaka. Niliingiza vidole chini ya tabaka hizo asubuhi yenye umande wa kuganda, nikakuta shina ni kavu. Na jioni majani mabichi ya juu hujikunja ndani kufunika chipukizi la katikati, kama mama anavyofunga mtoto kwa kitenge. Mmea ule umevaa koti kuliko tulivyovaa sisi.

Fundi wa Katindo

Na chakula je? Shemeji yangu alipika maharagwe juu ya Nyiragongo, kuanzia jioni hadi usiku mkubwa, hayakuiva. Akalaumu makala (makaa).

Mkaaji wa Majengo

Makala hayana kosa. Maji yanachemka pale shinikizo la hewa linapoyaruhusu. Hapa Goma yanachemka kwenye digrii 95 hivi, ukingoni mwa Nyiragongo 88, na juu ya Karisimbi karibu 85. Sufuria inatoa mapovu lakini maji yenyewe hayana joto la kutosha kuivisha punje ngumu. Pandeni na vyakula vilivyokwisha kupikwa. Na hewa yenyewe ni nyepesi: kwenye kilele cha Karisimbi kila pumzi inakupa kiasi kidogo kuliko asilimia 60 ya kile anachopata mtu wa pwani. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kukataa chakula, shukeni. Asiambiwe mtu ajikaze.

Mama wa Kibumba

Mwanangu, huku kwetu hiyo baridi tunaijua bila kupanda mlima. Tunaamka kwenda kwenye makabichi tumevaa makoti mawili, na kitambaa kichwani. Nakuuliza jingine. Maji ya mvua tunayotega kwa mabati, siku moshi wa Nyiragongo ukielekea kwetu, yanauma ulimi. Na watoto wanaota meno yenye madoa ya rangi ya kahawa. Wengine wanasema ni baridi inaharibu meno.

Mkaaji wa Majengo

Mama, asanti sana kwa kuuliza hili. Siyo baridi. Moshi ule unabeba gesi ya salfa na gesi yenye floridi. Ukikutana na mvua, salfa inageuza maji kuwa na asidi, ndiyo inayouma ulimi na kutoboa mabati haraka. Floridi ndiyo inayotia meno madoa, na inawashika watoto wadogo kwa sababu meno yao ya ukubwani yanajengeka wakati huo, hata kabla hayajatoka kwenye ufizi.

Upepo unaotawala unatoka mashariki, kwa hiyo moshi mwingi unaenda magharibi, Rusayo na Sake hadi Masisi. Upepo ukigeuka ndipo unawafikia ninyi. Na hamna mahali pengi pa kuchota kwa sababu mawe yetu ya lava yamejaa matundu: mvua inanyesha nyingi, yote inazama. Ndiyo maana hata mji wa Goma hauna mto hata mmoja ndani yake na tunasukuma bidoni kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka ziwani.

Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floridi haitoki. Ukichemsha sana maji yanapungua na yenyewe inabaki humo humo. Kama inawezekana, mvua ya kwanza baada ya siku za moshi iacheni ioshe bati na kumwagika, mtege inayofuata. Na maji ya bomba ao ya chemchemi, hata yakiwa kidogo, muwape kwanza watoto walio chini ya miaka minane. Watu wazima meno yao yamekwisha kujengeka.

Mtu wa Bagira, Bukavu

Salamu kutoka kusini mwa ziwa. Sisi tunatazama mlima Kahuzi, mita 3,308. Theluji hatuijui, lakini radi tunaijua. Huko kwenu ni kama kwetu?

Mkaaji wa Majengo

Papa, kwa radi ninyi mmetushinda wote. Hesabu za satelaiti za kuanzia 1998 hadi 2013 zilionyesha Kabare, upande wenu huko, inaongoza Afrika nzima: mimweko karibu 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Dunia nzima ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililo mbele yake. Sake yetu nayo imo katika orodha ya juu ya Afrika, ikiwa na 143 hivi. Hewa yenye maji mengi inasukumwa ikigonga kuta za milima, inalazimika kupanda, inapoa haraka, na mawingu yanavimba hadi juu sana. Mvua ya mawe iliyotupiga Shaheru ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa anayepanda, mawingu haya yanafuata saa. Usiku hewa baridi inashuka kwenye miteremko na anga linasafishika, asubuhi vilele viko wazi. Kuanzia saa tano ao sita miteremko imepata joto, hewa inapanda, wingu linajengeka, na alasiri linamwaga. Tuliondoka Kibati saa nne. Tungeondoka saa mbili tungelikuta ile mvua tukiwa tumeshafika kwenye vibanda vya juu. Hilo pia hakuna aliyetuambia. Radi ikianza ukiwa kwenye mgongo wa mlima, ondoka mgongoni, shuka mahali pa chini, na usikae chini ya mti uliosimama peke yake.

Kijana wa Ndosho

Grand frère, nakuheshimu, lakini wakati huu nani ana nafasi ya kupanda mlima? Watu wana shida ya vita na njaa. Baridi ya watalii inatuhusu nini?

Mkaaji wa Majengo

Mdogo wangu, swali lako ni la haki. Mimi pia nimepoteza kazi ya mlimani zamani. Lakini kumbuka mwisho wa 2022. Maelfu ya watu waliokimbia Rutshuru walifika Kanyaruchinya, kwenye miguu ya Nyiragongo, wakalala juu ya mawe ya lava ndani ya vibanda vya matawi na shitingi. Mwezi wa kumi na moja, mvua ya kila alasiri. Nilipeleka nguo huko pamoja na watu wa kanisa letu. Niliona mtoto mchanga amefungwa kitenge kilicholowa, hatetemeki, kimya. Mama yake aliniambia ni mtoto mtulivu. Nilijua nimeuona utulivu ule mahali. Tukamvua kitenge, mama akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili kwa sweta kavu. Baada ya muda akalia, na mimi nikashukuru Mungu kusikia kilio.

Kwa hiyo baridi hii inatuhusu. Hewa baridi ya mlimani inashuka usiku kama maji, inajaa kwenye mabonde ya lava palipolala watu. Haihitaji kufika sifuri. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, kwenye upepo, anaweza kufa kwa digrii 10.

Nililolijifunza nawapa. Chini kunanyonya joto kuliko hewa: kabla ya shitingi la kujifunika, tafuta majani makavu ya migomba ao nyasi za kulalia, tabaka nene. Nguo moja kavu ibaki siku zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, isiguswe hadi usiku. Sufu hata ikilowa inatunza joto kidogo, pamba hapana. Mtu aliyeacha kutetemeka huku bado ana baridi, na maneno yake yamechanganyika, huyo yuko hatarini kuliko anayetetemeka. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe. Mvue vilivyolowa, mkinge na ardhi, mpe joto la mwili wa mwenzake, kisha kitu kitamu cha moto kama anaweza kumeza.

Na jamani, mbabula (jiko) yenye makala isiingizwe kulala nayo ndani, hata yakionekana yamekwisha kuwa majivu. Moshi wake usioonekana unaua familia nzima bila mtu kuamka. Huo ni tofauti na mazuku, ile gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo huku Bulengo na kwingineko, lakini zote mbili zinamkuta mtu amelala.

Kijana wa Ndosho

Nimeelewa, grand frère. Mama yangu mkubwa yuko kwenye kibanda bado. Kesho nampelekea majani ya migomba.

Mkaaji wa Majengo

Yawe makavu, na yapangwe yakipishana. Kama ana gunia la tupu, yaingize ndani ulishone, hayatatawanyika. Niandikie kama anakosa sweta.

Mwana wa Himbi

Yaya, na sisi tunaotaka kuwaonyesha watoto Karisimbi nyeupe, tuangalie lini?

Mkaaji wa Majengo

Miezi ya mvua, asubuhi inayofuata usiku wa ngurumo upande wa kaskazini mashariki. Simama mahali palipo wazi kabla ya saa moja. Nyiragongo utaiona kushoto, karibu, imekatwa kichwa. Kulia kwake, mbali zaidi, kuna mbili zilizosimama pamoja: Mikeno ndiyo iliyochongoka kama jino, Karisimbi ndiyo pana yenye mabega.

Leo, asubuhi nyingine, nimewapandisha wale watoto wawili wa jirani juu ya ukuta wa nyumba inayojengwa. Usiku ilinyesha. Mkubwa ndiye aliyeiona kwanza, akamshika mdogo wake bega na kumwelekeza kwa kidole. Weupe ulikuwa umebaki kwenye mfereji mmoja tu, upande wa kivuli, mwembamba kama uzi. Tuliutazama hadi wingu lilipofika.